Bi Tatu na Njia ya Maji Yaliyotulia

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kupanga safari, ombi lenu la kutaka niwaandikie "siri za kazi" nimelisoma mara mbili nikijiuliza mnataka nini hasa. Nilipokuwa ofisini hakuna aliyetaka siri zangu. Mlitaka kiti changu cha karibu na feni. Haya, kiti nimekiacha, niko hapa Tangini nafuga kuku, nafasi ya kusema ninayo. Ila majina ya watu nimeyabadilisha, maana hata ninyi siwaamini sana.

Ofisi yetu pale Kibaha ilikuwa ndogo. Tulipeleka vikundi: walimu wastaafu, kwaya, akina mama wa mtaa, wafanyakazi wanaotaka kuikimbia kompyuta mwisho wa wiki. Wenzangu waliuza hoteli na magari. Mimi nilipewa watu wanaotapika. Mkuu wetu, Bwana Msangi, alinikabidhi kazi kwa maneno haya: "Mama Jeni, wewe una uso wa kutomwamini mtu. Wanaolevywa na bahari ni wako." Na mimi ni mzaliwa wa Singida. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na mtoto mgongoni, nikaitilia shaka siku hiyo hiyo.

Somo la kwanza la Bwana Msangi lilikuwa hili: msafiri usimuulize kama bahari inamlevya. Atakudanganya. Wanaume watasema hawajatapika tangu waachishwe ziwa. Wanawake wengine watasema wanatapika mno, ili wapewe kiti kizuri. Muulize aliyekaa naye kwenye basi la mkoani. Muulize anayemfulia nguo. Hao hawana sababu ya kukuficha.

Somo hilo nilidhani ni utani mpaka tulipopeleka kwaya moja Unguja, kusi ikivuma. Kiongozi wao aliniapia kwamba wanakwaya wake wana vifua vya chuma. Vifua, sawa. Matumbo sikuuliza. Asubuhi wamekula chipsi mayai na chai ya maziwa, vikombe vizima, wakapanda boti wanaimba. Hata majengo ya mjini hayajapotea machoni, waimba bezi wakaanza kutapika, tena kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Wakafuata sauti ya tatu. Kule tulikokwenda hawakuimba, walilala. Niliporudi Bwana Msangi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliongea na wake zao?"

Tangu hapo nikawa sipokei neno la mtu hivihivi. Mkiona tangazo lina picha ya bahari iliyolala, jiulizeni mpiga picha alisimama wapi. Alisimama nchi kavu huyo. Mtu wa boti akikwambia "bahari shwari," muulize ya saa ngapi na ya upande gani, halafu mtazame macho. Simu zenu zinazoonyesha upepo nami naziangalia, sikatai, lakini nikishaziangalia nampigia mama lishe wa pale gatini. Yeye ndiye anayewaona watu wakishuka. Namuuliza, "Leo wameshuka na sura gani?" Akisema wameomba wali na samaki, najua kulikuwa kumetulia. Akisema wameomba maji na kivuli, nabadilisha siku.

Msimu nao ni jambo. Kati ya kaskazi na kusi kuna kipindi cha maleleji, upepo haujui uelekee wapi, bahari inapumzika. Hapo ndipo upeleke watu wako, tena asubuhi, upepo haujaamka. Wakalishe katikati ya chombo, chini, mbali na harufu ya dizeli. Macho yatazame nchi kavu, yasitazame simu. Na wale chakula kidogo. Watu wetu wana tabia ya kufunga tangu jana yake, wakidhani tumbo tupu halina cha kutoa. Litatoa nyongo! Kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu kinatosha. Dawa wakaulize zahanati mapema, siyo kuokota ushauri kwa jirani wa kiti, maana huyo jirani naye humjui.

Wale wasiotaka kabisa kusikia habari za mawimbi tuliwapeleka mtoni Rufiji, kwa kupitia Kisarawe mpaka Mloka. Mtoni kumetulia kweli. Lakini barabara ilikuwa na mabonde, gari likirukaruka, na watu wale wale walitapika kwenye vumbi kabla hawajayaona maji. Nilipowachunguza nikagundua waliotapika njiani ndio wale ambao ndugu zao waliniambia bahari inawalevya. Basi nikajitungia kipimo changu. Mteja nikimtilia shaka, namtembeza kwa gari kwenye barabara mbaya, kiti cha nyuma, vioo vimefungwa. Akishikilia tumbo, namwamini. Nilikitumia kipimo hicho miaka mingi, nikakionea fahari, nikawafundisha na wengine. Sasa ngojeni niwaambie kilivyoniumbua.

Nilikuwa nakaribia kustaafu nilipopigiwa simu na mwanamke ambaye simjui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Sharifa, ni mwalimu huku Mafia. Kwetu ni Kisarawe, Chole ya huko bara, siyo hii ya kisiwani. Mama, naomba unisaidie. Nataka mama yangu aje huku, lakini bahari inamlevya vibaya. Nitafutie njia yenye maji yaliyotulia."

Nikamuuliza ana haraka ya nini. Akaniambia ana mimba kubwa. Ile ya kabla ya hii ilitoka, na safari hii daktari amemkataza kabisa kupanda chombo wala gari la barabara mbovu. Kwao binti hujifungulia mtoto wa kwanza mikononi mwa mama yake. Yeye hawezi kwenda Chole, basi hana budi mama aje.

"Mama akiwepo sitaogopa," alisema. "Asipokuwepo, sijui." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Tangu niolewe hajawahi kufika kwangu. Kila mwaka ananiambia bahari, bahari. Mume wangu anadhani mama hamtaki. Mimi nakataa, lakini mama, nimeanza kuchoka kukataa."

Vijana, mimi sikumwamini hata huyo. Nilidhani labda kuna jambo la ukoo linapikwa, mimi natumwa kumtoa mzee wa watu nyumbani kwake. Nikaona bora niende Chole nikamwone mhusika.

Nilimkuta Bi Tatu uani kwake anasuka ukili wa mkeka. Mwanamke mwembamba, mwenye ulimi. Alinikaribisha vizuri, akaniletea muhogo na chai ya rangi, na kabla sijamaliza kueleza akanikatiza.

"Bahari mimi hapana, Mama Jeni. Nikiiona tu, roho inachafuka. Nikipanda nitakufa njiani, halafu huyo mtoto azae na msiba juu."

"Ulipanda lini mara ya mwisho?"

"Zamani."

"Kwenda wapi?"

"Zamani mama, nimekwambia. Kula muhogo."

Nikala muhogo, lakini shaka ilikuwa imeshanikaa kooni. Mtu ambaye bahari imemlevya kweli hasahau. Atakutajia siku, atakutajia nguo aliyovaa, atakutajia hata mtu aliyemtapikia. Nikamwambia, haya, si neno, lakini nisindikize mpaka Kisarawe mjini, kuna zahanati tukaulize habari za dawa, kisha dereva atakurudisha. Akakubali upesi, kwa sababu alikuwa na mkeka wa kumpelekea mtu.

Nikamweka kiti cha nyuma, nikafunga vioo. Dereva wetu alikuwa anaijua kazi yake, hakukwepa shimo hata moja. Mimi mwenyewe niliyekaa mbele jasho lilianza kunitoka. Nikageuka nyuma kumtazama Bi Tatu. Ameinamisha kichwa, anasuka ukili! Macho yake yako mikononi, vidole vinakwenda, gari linaruka, yeye anatafuna korosho na kumuuliza dereva kama ameoa.

Ninyi jaribuni kusoma ujumbe mmoja tu kwenye gari linalorukaruka muone. Huyu alisuka njia nzima. Tulipofika mjini alikuwa ameongeza kipande kirefu na ana njaa. Nikasema moyoni, ahaa, Bi Tatu, umepatikana.

Sikumpeleka zahanati. Niliagiza wali, tukakaa tukala, na alipomaliza nikamwambia, "Bi Tatu, mimi ni mgeni kwako na una haki ya kunifukuza. Lakini wewe bahari haikulevyi. Huyu mkwe wako amekukosea nini?"

Alinitazama kwa hasira, nikadhani atanimwagia maji ya kunawa. Kisha hasira ikamtoka. Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mkwe hana kosa," alisema. "Mdomo wangu ndio una kosa."

Akanieleza. Sharifa alipopangiwa kufundisha Mafia na kupata mchumba huko huko, Bi Tatu alikuwa ameshamchagulia mume wa Maneromango. Walizozana mbele ya watu, na katika hasira akaapa. Aliapa kwa jina la Mungu kwamba mguu wake hautapanda chombo cha baharini kwenda kwa Sharifa. Baadaye hasira ilipoa. Mkwe alikuja kumsalimia, akamwona ni mtu mzuri, akampenda. Lakini kiapo kilibaki pale pale.

"Nikivunja kiapo, kitamwangukia nani?" aliniuliza. "Mtoto ana mimba. Ile ya kwanza ilipotoka nililala chini nikalia, nikasema ni mdomo wangu. Sasa nivuke nikammalize? Bora anione mwongo. Bora anione simpendi mume wake. Ilimradi azae salama."

Jamani, niliona aibu na gari langu la vioo vilivyofungwa. Nilikuwa nimekwenda kumkamata mwongo, nikamkuta mama anayemwogopea mwanawe. Nami Mkristo wa Singida, mambo ya viapo vyao siyajui. Nikamuuliza kama hakuna mtu wa dini wa kumuuliza. Akasonya.

"Yuko kaka yangu Athumani, Kibuta, anasomesha watoto Kurani. Lakini alikuwa upande wa Sharifa. Sikutaka kumpa furaha ya kuniona nimejuta."

"Yaani miaka yote hiyo hukuuliza kwa sababu ya ubishi na kaka yako?"

"Wewe huna kaka?" alinijibu.

Ninao. Nikamwambia dereva ageuze gari kuelekea Kibuta.

Mwalimu Athumani alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Dada yake alisimulia kiapo chote huku ametazama pembeni, ukutani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nikimkodolea macho, namngoja acheke au aseme "nilikwambia." Nilimtilia shaka, nakiri. Hakucheka. Alivua miwani.

"Tatu, mdogo wangu," alisema, "mtu akiapa kuacha jambo la heri, heri ni alitende, akitolee kafara kiapo chake. Kuunga undugu na mtoto wako ni heri. Walishe maskini kumi, upande chombo uende. Umeteseka bure, dada. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungefurahi," alisema Bi Tatu.

"Ningefurahi, ndiyo! Ningefurahi uende!"

Hapo wote wawili wakaanza kulia na mimi nikatoka nje kumwona dereva.

Pilau lilipikwa Chole, uani pale pale kwa Bi Tatu. Mwalimu Athumani mwenyewe alikwenda kuwatafuta watu wa kulishwa, wale ambao kweli hawana, si wale wanaosikia harufu ya pilau wakajikuta hawana. Nilisimama karibu na sufuria kuhakikisha. Kazi ya kutoamini watu huwezi kuivua kama koti.

Halafu nikapanga safari. Kiapo kimeshatengenezwa, tumbo lake nimeshalipima, ningeweza kumpandisha chombo chochote. Lakini mimi ni mimi, nikampangia kama mgonjwa. Kivuko kutoka Nyamisati, kwa sababu mwanzo wake unapita kwenye mikoko, maji hayatingishiki. Wakati wa maleleji, asubuhi. Nahodha akaniambia, "Mama, bahari leo kama uji." Nikamuuliza, uji uliopoa au unaochemka? Akacheka, akasema uliopoa. Nikampigia mama lishe hata hivyo. Naye akasema jana wameshuka wakiomba samaki. Basi nikanunua tiketi, na yangu pia, maana sikumwamini mtu mwingine kumfikisha.

Tukakaa katikati, chini. Bi Tatu amevaa kanga mpya, amebeba mkeka wa mjukuu. Kwenye mikoko alikuwa akipiga soga, ananionyesha ndege. Tukatoka kwenye mikoko. Bahari imetulia, nawaambia, imetulia mpaka watu wameweka vikombe vya chai sakafuni. Chombo kikaanza kuinuka polepole na kushuka polepole. Bi Tatu akaacha kuongea.

"Mama Jeni," alisema.

"Naam."

"Mbona roho inachafuka?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikageuka, nikamwona uso umekuwa wa majivu, na kabla sijafungua mfuko akatapika. Akatapikia kanga mpya, akatapikia viatu vyangu, akapumzika, akatapika tena. Nilimpa ndimu anuse, nikamlaza, nikamwambia atazame mbali, nikajaribu kila nilichowahi kuwafundisha ninyi. Wapi! Mwanamke aliyesuka ukili kwenye mashimo ya Kisarawe, akatafuna na korosho, alimalizwa na maji ambayo hata vikombe havikuyajali. Kipimo changu chote cha miaka mingi kikaishia pale sakafuni. Barabara ni barabara na bahari ni bahari, vijana, na tumbo la mtu halisomi kitabu chako.

Katikati ya mateso yake alinishika mkono, akawa anacheka na machozi yanamtoka. "Kumbe sikusema uongo," alisema. "Mama Jeni, kumbe kweli bahari inanilevya!"

Tulipofika Kilindoni, bandari ya Mafia, ilibidi nimshushe nikiwa nimemshika kiunoni. Sharifa alikuwa amesimama na mumewe, tumbo liko mbele, mikono kichwani. Alitembea haraka kuliko daktari wake angependa. Alimtazama mama yake: kanga imechafuka, midomo mikavu, macho yameingia ndani. Akaanza kulia kwa sauti.

"Mama! Mama nisamehe. Mimi nilikuwa nadhani unanidanganya."

Bi Tatu alimkumbatia. Juu ya bega la mwanawe akanitazama mimi. Macho yale niliyaelewa vizuri: habari ya kiapo ibaki kwetu. Na mkwe naye ananitazama, akingoja niseme.

"Mwanangu," nikasema, "huyu mama bahari haimtaki kabisa. Mimi nimetoka naye, mimi ni shahidi."

Halikuwa neno la uongo hata kidogo. Mkwe alipokea ule mkeka kwa mikono miwili na kumwambia, "Shikamoo mama, pole sana. Karibu nyumbani."

Sharifa alijifungua salama mtoto wa kike, mama yake yuko pembeni. Bi Tatu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga, akakaa mpaka arobaini ikatoka. Baada ya hapo nikawa nangoja arudi. Harudi. Mwalimu Athumani akanipigia kuniuliza. Kama kawaida yangu nikaanza kuwaza mabaya: labda wamegombana, labda kaapa tena.

Halafu siku moja, nikiwa hapa Tangini nawamwagia kuku pumba, simu ikaita. Alikuwa Bi Tatu, na nyuma yake nasikia mtoto analia.

"Mama Jeni, nataka kurudi Chole, lakini hiyo bahari, mwenzangu, naiogopa. Nitafutie njia yenye maji yaliyotulia."

Sikumuuliza ndugu yake hata mmoja. Niliacha ndoo ya pumba pale pale, nikaanza kumtafutia.